Regyuleta inasoma 3.28, mbona kifaa kinajizima?

Swali: Shikamoo fundi. Niko Hombolo, nje ya mji wa Dodoma. Nimemtengenezea baba mdogo kifaa cha kupima unyevu wa udongo kwenye shamba lake la zabibu. Kina sensa, moduli ya ESP-12F inayorusha taarifa kwa Wi-Fi hadi nyumbani kila baada ya dakika 15, na regyuleta (kidude cha kushusha volti) AMS1117 ya volti 3.3, vyote kwenye bodi ndogo. Umeme unatoka kwenye betri ya pikipiki ya volti 12 inayochajiwa na paneli ya sola. Nyumbani nikikiwasha kwa chaja ya simu kinafanya kazi kutwa nzima. Nikikipeleka shambani kinawaka, taa ya bluu inapepesa mara mbili tatu, kinajizima, kinaanza upya. Nimeshabadilisha regyuleta tatu, na kila moja inapata moto mpaka kidole hakikai. Nikipima kwa mita inasoma 3.28. Je, nauziwa feki?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Nianze na hilo la feki maana naona ndilo linalokukereketa. Feki zipo, sikatai. Ila kwa maelezo yako, hata ningekukabidhi AMS1117 iliyotoka kiwandani jana, ingekuunguza kidole vilevile.

Kilichonifanya niseme hivyo ni sentensi yako moja tu: nyumbani, kwa chaja ya simu, kinafanya kazi kutwa. Kifaa ni kilekile, programu ileile, regyuleta ileile. Vilivyobadilika ni vitu viwili. Volti zinazoingia zimepanda kutoka 5 hadi 12 na ushee, na rauta imekuwa mbali. Shika hapo hapo, usikimbilie dukani.

AMS1117 haina ujanja. Inapokea volti nyingi, inatoa 3.3, na zile za katikati zote inazigeuza joto. Hesabu yake ni ya darasa la saba: toa volti zinazotoka kwenye zinazoingia, zidisha kwa mkondo, unapata wati za joto. ESP8266, ambayo ndiyo roho ya hiyo ESP-12F, ikiwa na Wi-Fi imewashwa hula wastani wa kama miliampea 80. Nyumbani basi: 5 kutoa 3.3 ni 1.7, mara 0.08, unapata wati 0.14 hivi. Hicho ni kijoto cha kawaida. Shambani mchana, jua likiwa linachaji, betri ya volti 12 haikai kwenye 12. Inapanda hadi 13.8, na inapokaribia kujaa inaweza kufika 14.4. Chukua 13.8: toa 3.3 unabaki na 10.5, mara 0.08 ni wati 0.84. Yaani joto mara sita ya lile la nyumbani, na kifaa hakijafanya kazi yoyote ya ziada.

Sasa wati 0.84 ni joto gani kwenye kidude cha ukubwa wa punje ya mahindi makavu? Maelezo ya kiwanda yanasema regyuleta hii, katika umbo lile la miguu mitatu midogo na bati moja pana, ikikaa kwenye bodi isiyo na shaba ya kutosha hupanda kama digrii 90 kwa kila wati moja. Ukiichomelea juu ya eneo pana la shaba inaweza kushuka hadi digrii 46 hivi kwa wati. Wewe umesema bodi ni ndogo, kwa hiyo tuchukue 90. Mara 0.84 ni digrii 76. Ongeza joto la ndani ya boksi lililofungwa, likiwa juani Hombolo saa nane mchana: hata nikiwa mpole niseme 40, tumefika 116. Kiwanda kinaruhusu moyo wa chipu hii ufike 125.

Hapo bado hujarusha kitu. ESP8266 inaporusha kwa nguvu zote inavuta kama miliampea 170. Mara 10.5 unapata wati 1.8, na ikiendelea hivyo kwa muda joto linavuka mpaka huo wa 125. AMS1117 ina kinga yake ya ndani. Ikiona joto limezidi, inajifunga. Volti inaanguka, ESP inazimika, mkondo unaisha, regyuleta inapoa, inafunguka, ESP inaamka, taa ya bluu inapepesa, inaanza kuitafuta rauta. Ndicho hicho unachokiona.

Na rauta inaingia hapa. Ukiwa sebuleni, moduli inaungana kwa sekunde chache halafu inatulia. Kutoka katikati ya mizabibu inabidi ijaribu mara nyingi, na kila jaribio ni kurusha. Mtu akiwa karibu unamwita mara moja. Akiwa ng'ambo ya bonde utaita mpaka sauti ikauke. Kwa hiyo pale ambapo regyuleta ina joto zaidi, ndipo unapoitwisha mzigo zaidi.

Kuna kipimo cha bure kabisa cha kuthibitisha haya. Kiwashe alfajiri, kabla jua halijatoka, boksi likiwa wazi. Kikikaa muda mrefu zaidi kuliko mchana, hata kama bado kinakufa baadaye, basi joto lina mkono wake. Kikifa vilevile, sekunde zilezile, tutafute kwingine pia.

Nirudi kwenye ile 3.28, maana ndiyo iliyokupoteza na imewapoteza wengi kabla yako, mimi nikiwemo. Mita haikukudanganya. Uliiuliza swali jepesi. Mita ya kawaida ya mkononi inabadilisha namba yake mara mbili au tatu kwa sekunde, na inakupa wastani. ESP ikianza kurusha, mkondo unaruka kutoka miliampea 80 kwenda 170 na zaidi kwa muda mfupi mno, sehemu ndogo ya sekunde. Volti ikianguka hadi 2.6 kwa milisekunde mbili, moduli imeshachanganyikiwa na kuanza upya, na mita yako bado inakuonyesha 3.28 kwa raha zake. Ni sawa na kumpima mtu uwezo wake kwa jinsi anavyoitikia salamu. Kila mtu huitikia vizuri. Mwombe mkopo ndipo utamjua.

Basi tuiombe regyuleta mkopo. Hiki kipimo nakieleza polepole kwa sababu ndicho kitakachokufaa hata kwenye kazi nyingine.

Chomoa moduli ya ESP kabisa, isiwepo kwenye mzunguko. Tafuta rezista ya omu 10 ya wati 5, ile nyeupe ya mraba kama kipande cha chaki. Kwenye bodi za redio kubwa na runinga zilizokufa huwa zimo. Omu 10 kwa volti 3.3 inavuta miliampea 330, na yenyewe inakula wati 1.1, kwa hiyo usithubutu kutumia rezista ndogo ya robo wati, itatoa moshi. Anza kwa kuilisha regyuleta volti 5 tu, ya chaja ya simu. Weka ncha za mita moja kwa moja kwenye miguu ya regyuleta: nyeusi kwenye mguu wa hasi, nyekundu kwenye mguu wa kutoka. Ncha zikiwa mwisho wa waya utapata hadithi nyingine. Soma namba bila mzigo. Kisha gusisha rezista kati ya kutoka na hasi, usome tena huku ikiwa imegusa. Regyuleta nzima itashuka kidogo sana, labda kutoka 3.30 hadi 3.28 au 3.27. Iache hapo dakika moja. Itapata joto, wati 0.56 si haba, ila namba isitembee.

Ikianguka hadi 3.0 au chini, usiihukumu bado. Hamisha ncha nyekundu uweke kwenye mguu wa kuingia, mzigo ukiwa bado umeshika. Ukikuta hapo kuna volti 4.2 badala ya 5, regyuleta haina kosa. AMS1117 inahitaji volti zinazoingia ziwe juu ya zinazotoka kwa kama volti 1.1 hadi 1.3 mzigo ukiwa mkubwa. Kwa 3.3 maana yake isipate chini ya 4.6 hivi. Ukiilisha 4.2, itatoa kilichobaki, na hakuna fundi wa kuibadilisha hiyo.

Hilo lilinikuta mimi. Nilikuwa nimefunga kipima joto cha vifaranga nyuma ya nyumba, ESP ileile, chaja ikiwa ndani na waya wa mita tatu ukipita dirishani. Kilikuwa kinazimika kila kikirusha. Nilibadilisha regyuleta tano. Tano! Jioni ya pili, kwa hasira, nikapima miguuni mwa regyuleta huku mzigo upo, nikakuta 4.3. Chaja ilikuwa inatoa 5 safi. Waya ule, wa chaji wa bei ya chee, ulikuwa na nyuzi nne tano tu ndani kama nywele. Omu 2 kwenda na kurudi. Miliampea 330 mara omu 2 ni volti 0.66 inayopotelea njiani. Nilikata kipande cha waya wa spika nikaunganisha, vifaranga wakapata usalama wao. Zile regyuleta tano nilizozing'oa zote zilikuwa nzima, na bado ninazitumia.

Kwako wewe waya si mkosaji mkuu, kwa sababu betri ya 12 ina volti za kupoteza. Lakini siku ukishusha volti kama nitakavyokushauri, waya mwembamba utakuja kukudai.

Kabla ya kuja kwenye ushauri, kuna mambo mawili ambayo naomba uyakague kwa macho.

La kwanza ni miguu. Wengi wetu tumejifunzia kwenye 7805, ambayo ukiitazama usoni miguu yake ni kuingia, hasi, kutoka, na bati lake la mgongoni ni hasi. AMS1117 haifuati mpangilio huo. Ukiitazama usoni, miguu ikiwa chini, kutoka kushoto ni hasi, kutoka, kuingia. Na bati lake pana ni la kutoka, yaani lina volti 3.3. Nimeona kazi nzuri kabisa zimeharibika kwa sababu mtu kabana bati hilo kwenye boksi la chuma ili lipoe, na boksi limeungana na hasi. Hiyo ni shoti safi. Regyuleta inapata moto mkali, mtu anasema feki. Kama boksi lako ni la chuma, angalia hapo kwanza kabla ya kuendelea kusoma.

La pili ni kapasita, vile vidude vinavyohifadhi umeme kidogo na kuutoa haraka, na hapa nitakaa kidogo. Hujanitajia kapasita hata moja, jambo linalonitia wasiwasi. Kiwanda cha AMS1117 kinataka kapasita ya mikrofaradi 22 ya tantalamu kwenye mguu wa kutoka. Si pambo. Ndani ya regyuleta kuna mzunguko unaojisahihisha: volti ikishuka anaongeza, ikipanda anapunguza. Pasipo kapasita inayofaa, anaweza kuanza kusahihisha kupita kiasi, kushoto kulia, maelfu ya mara kwa sekunde. Mita itakuonyesha wastani mzuri wa 3.28, na regyuleta itakuwa ya moto hata mzigo ukiwa mdogo. Ajabu yake ni kwamba kapasita za kisasa za kauri, ambazo kwa kazi nyingi ni bora, kwenye regyuleta hii ya kizamani zinaweza kuleta tatizo hilo hilo, kwa sababu ukinzani wake wa ndani ni mdogo mno. Tantalamu, au elektrolitiki ya kawaida ya mikrofaradi 22 hadi 47, inamtuliza. Weka karibu na miguu, si upande wa pili wa bodi.

Ikiwa unaokota elektrolitiki kwenye runinga za zamani kama tunavyofanya wote, jihadhari na zilizokaa karibu na sehemu za moto. Maji yake ya ndani hukauka. Kwa nje inang'aa, ndani imebaki jina. Yenye kichwa kilichovimba usiifikirie hata mara moja.

Kisha weka nyingine karibu na moduli yenyewe, kati ya mguu wake wa chanya na wa hasi: mikrofaradi 100 hadi 470, na pembeni yake moja ndogo ya kauri ya mikrofaradi 0.1. Hizi zinajibu ile haraka ya mwanzo wa kurusha, kabla regyuleta haijastuka. Ila usizitegemee kuliko uwezo wake. Piga hesabu: mikrofaradi 470 ikibeba peke yake mzigo wa miliampea 200 kwa milisekunde moja, volti yake inashuka 0.43. Mikrofaradi 100 ingeshuka volti 2 kamili. Kwa hiyo kapasita inaziba pengo fupi sana. Mtu anayekuambia uongeze kapasita mpaka tatizo liishe, huku chanzo ni dhaifu, anakufunikia moshi.

Ukitaka kujua kama regyuleta inatetemeka na huna osiloskopu (kifaa kinachochora volti zinavyopanda na kushuka), chukua redio ndogo ya betri, iweke kwenye mawimbi ya kati mahali pasipo na kituo, isogeze karibu na bodi. Ukisikia mluzi au mkwaruzo unaoongezeka ukikaribia na kuisha ukikata umeme, kuna kitu kinapiga kelele. Si kipimo cha maabara, na moduli yenyewe ina kelele zake, kwa hiyo fanya hivyo ESP ikiwa imechomolewa na rezista ndiyo mzigo.

Kuna ujanja mwingine wa upande wa programu, na huu naupenda kwa sababu hauhitaji kushika pasi ya kulehemu. ESP8266 inakuruhusu kupunguza nguvu ya kurusha. Kwa kawaida iko juu kabisa, 20.5 dBm (dBm ni kipimo cha nguvu ya kurusha). Ishushe hadi 10, leta rauta au simu iliyowashwa hotspoti karibu, ujaribu kwa umeme uleule wa betri. Kikitulia, moduli na programu vimetoka kwenye orodha ya washukiwa, tatizo liko kwenye umeme. Kikiendelea kuanguka hata ukiwa umezima Wi-Fi kabisa na kuandika programu ya kupepesa taa tu, basi tazama programu, au moduli yenyewe imeumia. ESP hii mwisho wake ni volti 3.6, kama katika kubadilisha regyuleta tatu kuna siku iliguswa na 12 hata kwa bahati mbaya, inaweza kubaki nusu mfu: inawaka, ila inapata moto yenyewe bila kurusha chochote.

Sasa la kufanya. Usiilishe AMS1117 kutoka betri ya 12. Kiwanda chenyewe kinaweka mwisho wa kuingia kwenye volti 15, na betri inayochajiwa ikifika 14.4 umeshasogea ukingoni. Siku waya wa betri ukilegea na paneli ikabaki peke yake, paneli inayoitwa ya volti 12 inaweza kutoa volti 21 bila mzigo. Hapo regyuleta haifi peke yake, inaweza kufa ikiwa imefunguka, na volti zote zikaenda kwa ESP.

Tumia hatua mbili. Mbele weka moduli ya kushusha volti ya LM2596. Hii haichomi volti za ziada. Inakata umeme vipande vipande mara 150,000 kwa sekunde na kuulainisha kwa koili, kwa hiyo joto ni dogo. Inapokea hadi volti 40, paneli haiitishi. Iweke kwenye 5, halafu AMS1117 yako ishushe kutoka 5 hadi 3.3, kama ilivyokuwa inafanya nyumbani. Unarudi kwenye wati 0.14. Mtu atakuuliza kwa nini usiiweke LM2596 moja kwa moja kwenye 3.3. Inawezekana, wengi wanafanya. Mimi naipenda AMS1117 ibaki nyuma kwa sababu inachuja sehemu ya makwaruzo ya ule ukataji, na redio yoyote, Wi-Fi ikiwemo, inapenda umeme mtulivu. Pia skrubu ya LM2596 ikiguswa na kidole cha mtoto, AMS1117 inabaki kama mlinzi.

Hiyo skrubu nayo ina hadithi. Moduli hizi zinakuja dukani zikiwa zimewekwa popote, zingine zinatoa karibu volti ileile inayoingia. Iunganishe kwa betri peke yake kwanza, mita ikiwa kwenye upande wa kutoka, ndipo uzungushe. Skrubu inazunguka mara nyingi, na mizunguko ya mwanzo unaweza usione mabadiliko yoyote ukadhani imekufa. Endelea tu, upande wa kushoto. Ikifika 5.0 weka tone la rangi ya kucha juu yake isisogee, ndipo uunganishe kilichobaki. Kwa kuruka hatua hii niliwahi kuua moduli mbili mchana mmoja.

Weka pia fyuzi ya ampea 1 kwenye waya wa chanya, karibu na betri. Betri ya pikipiki ikipata shoti haina huruma, waya unawaka mwekundu, na kiangazi majani makavu ya shambani hayahitaji kubembelezwa.

Boksi lihamishie kivulini, chini ya mizabibu upande wa mashariki wa nguzo, na toboa matundu chini yake, si juu. Ziba matundu kwa kipande cha chandarua, la sivyo sisimizi watahamia.

Kama baadaye utataka kuachana na betri kubwa na kutumia seli moja ya lithiamu ya 18650, AMS1117 haitakufaa tena. Seli ikijaa ina 4.2 na inashuka kuelekea 3, wakati regyuleta inadai 4.6. Na yenyewe inakula kama miliampea 5 hata ESP ikiwa imelala usingizi mzito wa mikroampea 20. Miliampea 5 kwa siku nzima ni miliampea-saa 120; seli ya miliampea-saa 2000 itakwisha ndani ya siku 17 kwa kuilisha regyuleta tu, sensa haijapima lolote. Tafuta HT7833, inayojitumilia mikroampea chache na kutoa hadi nusu ampea. Hapa mjini sijaizoea kuiona kwenye maduka, mimi huagiza Kariakoo ije na basi. MCP1700 pia husifiwa, lakini mwisho wake ni miliampea 250 na isiguswe na zaidi ya volti 6 kwenye kuingia. Kwa ESP naiona imebana.

Rafiki zako wanaotumia redio ndogo ya nRF24L01 kwenye bodi ya Arduino Uno waambie ugonjwa ni huohuo. Mguu wa 3.3 wa Uno umetengwa kwa miliampea 50, na ile nRF24 yenye antena ndefu na kipaza nguvu inapita 100 ikirusha. Watabadilisha redio mpaka wachoke. SIM800L, moduli inayotumia laini ya simu, ndiyo kiboko: inaweza kudai ampea 2 kwa kishindo kimoja, na inataka volti kati ya 3.4 na 4.4, kwa hiyo hata haipaswi kuwa kwenye 3.3.

Fanya hivi ukipata nafasi Jumamosi. Niandikie namba nne: volti kwenye mguu wa kuingia na wa kutoka bila mzigo, na hizohizo mbili rezista ikiwa imeshika kwa dakika moja, kwa umeme wa chaja. Usilifanye zoezi hilo la rezista kwa betri ya 12, wati zitakuwa kama 3 au zaidi na utaipika regyuleta bure.

Na zile regyuleta ulizong'oa, usizitupe. Kwa kuwa zina kinga ya joto, nadhani zimekuwa zikijifunga tu, hazijafa. Zipime kwa rezista hiyohiyo moja moja. Yenye kushika 3.27 kwa dakika nzima irudishe kwenye kopo lako la vipuri.